Kaka ana ramani ya Ireland nzima, mama anataka kaburi moja

Shangazi, hujambo?

Mimi ni muuguzi hapa Dublin, na huu ni mwaka wangu wa nne. Septemba mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Kitui. Ana miaka 71, na anasindikizwa na kaka yangu mkubwa anayeishi Nairobi (miaka 41, bado hajaoa, lakini hilo si swali langu leo). Viza zao za Ireland zimetoka na tiketi zimelipwa. Nimeomba ruhusa ya siku nne kazini, Alhamisi hadi Jumapili, tukodi gari twende mashambani. Kusema kweli hata mimi Ireland ninayoijua ni wodi, basi la alfajiri na supamaketi.

Vita vimeanzia kwenye grupu la familia. Kaka ametuma mpango wake. Alhamisi tunateremka Cork kupitia ngome ya Rock of Cashel, tunalala Killarney. Ijumaa tunazunguka Ring of Kerry asubuhi na rasi ya Dingle mchana. Jumamosi tunaona majabali ya Moher, Galway na Connemara. Jumapili tunapanda Donegal, tunaona mawe ya Giant's Causeway, tunakula Belfast, na jioni tunaingia Dublin. Ameweka na picha, na kila picha ina jua.

Nilipomwambia hiyo ni ratiba ya lori la mizigo, alinijibu kwamba leseni yangu ya hapa ni ya Machi mwaka huu, kwamba yeye ana miaka kumi na tano barabarani, Nairobi–Kitui huenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kwamba Ireland yote inaingia Kenya mara saba. Binamu zetu wakamwekea dole gumba mmoja baada ya mwingine.

Mama hakuandika chochote. Lakini juzi usiku alinipigia simu, sauti ya chini, akaniuliza, "Kiltegan ni mbali na kwako?" Padre aliyembatiza, ambaye pia ndiye aliyemlipia karo hadi akamaliza chuo cha ualimu, alikuwa Mwairishi wa shirika la wamisionari lenye makao huko Kiltegan. Alizeekea Kitui, akarudishwa kwao, akafia huko na kuzikwa huko. Mama anataka kuweka ua kaburini. Kisha akaongeza, "Lakini usimsumbue kaka yako, amepanga vizuri."

Shangazi, magoti ya mama hayapatani na ngazi, na akikaa garini zaidi ya saa mbili miguu inavimba. Kaka naye ndiye aliyenilipia nauli ya kuja huku, sitaki kumvunjia heshima. Mpango wake unawezekana? Nani aendeshe? Na nimwambieje?

Kitinda Mimba, Dublin

* * *

Sijambo, mwanangu.

Nianze na Belfast, maana hiyo haina mjadala. Belfast na Giant's Causeway ziko Ireland ya Kaskazini, na huko ni Uingereza. Viza ya Ireland aliyo nayo mama haimruhusu kuingia, ya kaka yako vilevile. Wewe nawe, kama pasipoti yako bado ni ya Kenya, kadi yako ya ukaazi ya Ireland haikuvushi. Unahitaji viza ya Uingereza kama wao. Kinachowaponza watu ni kwamba mpakani hakuna kizuizi wala askari. Unajua umevuka pale vibao vya kasi vinapoacha kilomita na kuanza maili. Lakini maafisa wa uhamiaji hukagua mabasi na treni kwenye njia hizo, na gari likipata ajali upande ule utajikuta unaeleza kesi mbili kwa mpigo. Basi futa Jumapili yote ya kaka yako. Hapo umeokoa mamia ya kilomita bila kugombana na mtu, na lawama mtupie Mfalme Charles.

Tuje kwenye siku zilizobaki. Kwa hesabu yangu mpango mzima ulikuwa unapita kilomita 1,500, yaani Nairobi–Mombasa mara tatu na chenji. Kaka yako atasema hizo anaziweza, na simbishii. Anaziweza kwenye lami pana. Tatizo ni kwamba barabara za hapa zina herufi, na herufi ndiyo habari yenyewe. M ni barabara kuu, kilomita 120 kwa saa. N ni ya kitaifa, 100 pasipoandikwa vingine. R ni ya mkoa, 80, na hapo kuta za mawe zimeanza kusogea. L ni ya kienyeji: upana wa gari moja na nusu, michongoma pande zote mbili imezidi urefu wa gari, na katikati ya lami kumeota majani. Tangu Februari 2025 kasi ya juu kwenye hizo za L imeshushwa kutoka 80 hadi 60, na ukweli ni kwamba kona zenyewe zitakuruhusu 40.

Ring of Kerry, kwa mfano, ni kilomita 179. Mtu wa Nairobi akiona 179 anasema ni asubuhi moja. Sasa weka mabasi ya watalii, ambayo kwa desturi huizunguka kinyume cha mshale wa saa: ukifuata upande wao unakula moshi wao, ukienda upande mwingine unakutana nao uso kwa uso kwenye kona. Weka kondoo. Weka mvua ya nusu saa na mama anayetaka choo. Siku imekwisha. Ukiongeza Dingle siku hiyo hiyo, mama ataziona zote mbili kwa dirisha, amelala.

Nikupe kisa changu. Mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa na shemeji yangu kutoka Mombasa, tukashika barabara ya pwani ya Kaunti ya Clare, magharibi, tukakata kwenye njia ya ndani karibu na Fanore kwa sababu simu ilisema tutaokoa dakika sita. Mvua ilikuwa ile ya hapa, isiyonyesha wala isiyoacha. Trekta lililobeba nyasi likatokea kwenye kona, limejaa barabara nzima. Nikabana kushoto kwa heshima zote. Nikasikia mkwaruzo mrefu, kama kijiko kwenye sufuria iliyoungua: kumbe ndani ya yale majani mazuri yenye vijiua vyekundu mlikuwa na ukuta wa mawe. Kioo cha pembeni kikakunjika, rangi ya mlango ikabaki pale Fanore. Mkulima akapita kando yangu pole pole, akainua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani, bila kutoa mkono. Nilidhani ananitukana. Shemeji akataka kushuka.

Ni salamu. Kidole kimoja juu ya usukani ndiyo "hujambo" ya mashambani ya Ireland, na mrudishie, hata kama humjui. Kwenye njia za L kuna vijisehemu vilivyopanuliwa vya kupishana. Aliye karibu navyo ndiye anayerudi nyuma, awe mzee au kijana. Na mwambie kaka yako kwamba ile ya kwetu ya kuwasha taa kumwambia mwenzako "nimeshaingia, kaa hapo" huku husomwa kinyume: ukiwasha taa, mwenzako anaelewa umempa njia. Fikiria matokeo yake kwenye daraja la gari moja.

Sasa Kiltegan. Mwanangu, mbona hukuanza barua na hapo? Katika ratiba yote ile ya majabali na ngome, ni mama peke yake mwenye mtu anayemjua Ireland.

Kiltegan ni kijiji cha Kaunti ya Wicklow, karibu na mji mdogo wa Baltinglass, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Dublin. Shirika la Mtakatifu Patrick lilianzishwa hapo tarehe 17 Machi 1932, siku ya mtakatifu mwenyewe, na mapadre wake ndio waliokabidhiwa Kitui katika miaka ya 1950, kisha wakapanda hadi Turkana. Piga simu kwao wiki moja au mbili kabla. Usifike tu getini ukiwa na maua. Ni makao ya mapadre wazee, na ukiwaambia anakuja mwalimu mstaafu kutoka Kitui aliyebatizwa na mwenzao, jiandae kwa chai ndefu. Tena usishangae akitokea mzee wa Kiirishi akamsalimia mama kwa Kikamba.

Kwa hiyo Alhamisi yenu ianzie huko. Tokeni Dublin saa tatu asubuhi msongamano ukishapungua, pitieni Glendalough, penye mabaki ya monasteri ya Mtakatifu Kevin ya karne ya 6. Kuna mnara wa mviringo wa mita kama 30, na njia kutoka maegeshoni hadi ziwa la chini ni tambarare, mama ataitembea kwa raha zake. Halafu mvuke milima kwa barabara ya R756, Wicklow Gap. Hiyo ni R ya kistaarabu, haina michongoma, unaona mbali, na ni darasa zuri la kwanza kwa dereva mgeni. Inawashusha kwenye kijiji kinachoitwa Hollywood (ndiyo, na kina ng'ombe), mnashika N81 kusini hadi Baltinglass. Mchana mko Kiltegan. Hapo msiwe na haraka. Jioni mlale Kilkenny, saa moja tu mbele.

Ijumaa mpe kaka yako Rock of Cashel yake, inastahili na iko njiani, saa moja kutoka Kilkenny. Toka maegeshoni kuna kamlima kafupi lakini kakali. Mama asipokaweza, ngome inapendeza zaidi ukiiangalia kutoka chini, na huko chini kuna benchi na keki. Kisha mpite Limerick na Ennis mwende Ennistymon au Lahinch, mpange nyumba ya siku mbili. Nasema nyumba, si chumba. Nyumba ina jiko. Mama asafiri na kilo mbili za unga wa ugali na hutasikia lalamiko lolote kuhusu Ireland.

Mkikodi Clare, hata hivyo, msichelewe. Septemba nzima mji wa Lisdoonvarna, kilomita chache kutoka hapo, una tamasha la kutafutiana wachumba, la kizamani kabisa, lenye mshenga wake na ngoma mchana kutwa. Vyumba vya eneo lote hujaa. Nimesoma mabano yako kuhusu umri wa kaka yako na sisemi kitu. Nasema tu kwamba mnaweza kusimama pale mkanunua chai.

Jumamosi ni ya Moher na Burren, na hapa ndipo ningependa mchelewe. Majabali ya Moher yana mita 214 pale yanapofikia kilele, yamekatika wima hadi baharini. Nendeni kabla ya saa nne asubuhi au jioni jioni, mabasi ya Dublin yakiwa hayajafika au yameshaondoka; tiketi zinunuliwe kwa intaneti. Maegesho yako upande wa pili wa barabara, kuna mwinuko na ngazi kadhaa kwenye njia za pembeni, lakini sehemu ya kwanza ya kutazamia mama ataifikia. Kitu kimoja ambacho hakuna anayekuambia: ukifika maegesho ya pwani ile, geuza gari upepo usiwe nyuma ya mlango, na ushike mlango kwa mikono miwili unapofungua. Upepo wa Atlantiki hukunja bawaba za mlango, na bima nyingi za gari la kukodi hazilipi mlango uliovunjwa na upepo.

Halafu Burren. Hii ni nchi ya mawe ya chokaa, kijivu tupu hadi upeo wa macho, na kwenye nyufa za mawe mmeota maua. Afisa mmoja wa jeshi la Cromwell, yule Mwingereza aliyeivamia Ireland, aliyepita hapo mwaka 1651, Edmund Ludlow, aliandika kwamba hakuna maji ya kumzamisha mtu, hakuna mti wa kumnyongea wala udongo wa kumzikia. Utajua alikuwa akifikiria kazi gani. Lakini muulize mama anaonaje mwenyewe, maana mtu wa Kitui ana maoni kuhusu ardhi ya mawe. Mwonyeshe na ng'ombe: wafugaji wa Burren hupandisha mifugo kilimani majira ya baridi na kuishusha kiangazi, kinyume na karibu kila mfugaji wa Ulaya, kwa sababu mawe yale hutunza joto la jua na kule juu hubaki pakavu. Nilipompeleka mgeni mmoja kutoka Kajiado alisimama pale robo saa akihesabu mbavu za ng'ombe wa watu.

Pale pale, kando ya R480, kuna Poulnabrone, kaburi la mawe la zaidi ya miaka 5,000: jiwe moja pana limelala juu ya mawe yaliyosimama, kama meza. Wachimbaji wa miaka ya 1980 walikuta humo mabaki ya watu zaidi ya 30, wakubwa kwa watoto. Halina kiingilio, na ni dakika chache tu kutoka kwenye gari. Njia ni mawe mawe, mama ashike mkono wa mtu.

Misa ya Jumapili msiiwekee asubuhi ya kurudi. Parokia za mashambani hapa huwa na Misa ya mkesha Jumamosi jioni. Mimi si Mkatoliki lakini nimewapeleka wageni wengi, na mwonye mama mapema: inaweza kwisha kwa dakika arobaini. Mama mmoja niliyemsindikiza alibaki ameketi akisubiri iendelee.

Jumapili rudini kwa pwani, Fanore hadi Ballyvaughan kwa barabara kubwa safari hii, halafu Galway, chakula cha mchana, na M6 kisha M4 hadi Dublin. Galway–Dublin ni kilomita kama 208, saa mbili na dakika ishirini hivi, zote za barabara kuu. Mkiwa bado mna nguvu, karibu na Athlone chepukeni mwone mabaki ya monasteri ya Clonmacnoise ukingoni mwa mto Shannon. Mkichoka, piteni. Safari yote hiyo ni kama kilomita 700, chini ya nusu ya ile ya kaka yako, na hakuna siku mama anakaa kitini saa mbili mfululizo bila mahali pa kushuka.

Nani aendeshe? Kaka yako, na utanisamehe. Mgeni anaruhusiwa kuendesha hapa kwa leseni yake ya Kenya hadi miezi 12. Wewe mkaazi ndiye uliyelazimika kuanza upya, mtihani wa nadharia, masomo na yote. Yeye anashuka na kadi yake mfukoni. Leseni yako ya Machi inakutaka ubandike herufi N mbele na nyuma ya gari kwa miaka miwili, na kampuni nyingi za kukodisha hazimpi gari mtu ambaye hajafikisha mwaka mmoja au miwili na leseni. Waandikie uulize kama wanaweza kukukubali kama dereva wa pili, na jibu ulipate kwa maandishi. Wakikubali, wewe shika barabara kuu ya kurudi Jumapili.

Yeye aje na kadi yenyewe ya leseni, picha kwenye simu haitoshi, na akipitia AA Kenya achukue kibali cha kimataifa cha udereva hatajuta. Lakini kikubwa zaidi ni kadi ya benki. Kampuni hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, wazuie amana ya euro mamia au zaidi ya elfu. Jina likiwa lako na dereva ni yeye, wanakataa. Nimesimama kaunta ya uwanja wa ndege na mpwa wangu, gari limelipwa mwezi mzima kabla, dada wa kaunta anatabasamu huku anatikisa kichwa, na tukarudi nyumbani kwa basi na mabegi yetu. Kaka yako ahakikishe kabla hajatoka Nairobi kwamba kadi yake ni ya mkopo na ina nafasi ya kutosha.

Na aulizwe kwa upole: hiyo miaka kumi na tano ni ya gia ya mkono? Nairobi siku hizi mtu anaweza kuzeeka bila kukanyaga klachi. Magari mengi ya kukodi hapa ni ya gia ya mkono. La otomatiki liombwe mapema, na ni ghali zaidi. Lipia pia bima ya kuondoa ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ambayo mara nyingi hupita euro elfu moja, na usome kama inagusa matairi, vioo na chini ya gari, kwa sababu ndivyo vinavyoumia huku. Mimi kile kioo cha Fanore kilinikata euro 640. Chukueni gari dogo. Kila mtu hutaka kubwa kwa ajili ya mama, halafu anakutana na trekta.

Madogo madogo: M50 ya Dublin haina kibanda, kamera inakupiga picha na unalipa kwa intaneti kabla ya saa mbili usiku ya kesho yake, ila kwa gari la kukodi uliza kwanza kama kampuni inalipa yenyewe. Kwenye M6 na M4 mkirudi kuna vibanda, wekeni sarafu karibu. Mpini wa pampu wa kijani ni petroli, mweusi ni dizeli. Kila nyumba hapa ina namba yake ya posta, herufi na tarakimu jumla saba, Eircode, tangu 2015. Iandike hiyo kwenye ramani itakupeleka hadi mlangoni, na uipakue ramani kabla, maana Burren mtandao hupotea. Jua la Septemba katikati linazama kati ya saa moja na nusu na saa mbili jioni. Muwe mmeshafika.

Kuhusu chakula cha nje, asubuhi watawaletea sahani yenye kipande cheusi cha mviringo. Ni binamu wa mutura, ila wa nguruwe. Kaka yako wa Nairobi atakipenda na hatakubali kwamba amekipenda.

Sasa namna ya kumwambia. Usiandike neno kwenye grupu. Mtu aliyepigiwa makofi na binamu zake wote hawezi kurudi nyuma mbele yao. Mpigie simu, mwenyewe, usiku akiwa ameshakula. Anza na viza ya Belfast, ambayo si kosa lake. Kisha mwambie ya Kiltegan. Najua mama alisema usimsumbue. Mwanangu, mama akikupigia usiku kwa sauti ya chini akakwambia "usimsumbue kaka yako", amekutuma. Yeye mwenyewe hawezi kumwomba mwanawe wa kwanza abadilishe mpango aliomfanyia kwa mapenzi, wewe unaweza. Ukishamaliza kusema, nyamaza. Usimwonyeshe ramani yangu bado. Acha aulize yeye, "Sasa tukitoka hapo tunaelekea wapi?" Hapo ndipo umpe Cashel, umpe usukani, na umwombe yeye ndiye autangaze mpango mpya kwenye grupu kama wake. Binamu watampigia makofi tena.

Kerry mwambie itamsubiri. Kama chai ya Lisdoonvarna itazaa kitu, atakuwa na sababu ya kurudi.

Maua nunueni Dublin asubuhi ile, kijijini msitegemee duka. Na mama aandike kwenye karatasi jina la padre kama lilivyoandikwa kwenye cheti chake cha ubatizo, si lile waliloliita Kitui, uwasomee watu wa Kiltegan kwenye simu, maana mapadre waliozikwa pale ni wengi.